"Nani alikuuzia mkweche huu?" Mtu aliyeniuliza ndiye ALIYENIUZIA

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimekaa ndani ya gari lenyewe hapa Mikindani, kioo cha dereva hakipandi, mbu wanajihudumia.

Yule jamaa wa yadi ya magari mnamjua, sina haja ya kumtaja. Wa kanzu na funguo mia mbili kiunoni, akitembea unadhani ng'ombe anapelekwa mnadani. Msimu wa korosho uliopita, pesa bado ina joto, kaniuzia Prado ya injini ya 1KZ kwa milioni 26. "Ya mzungu wa gesi hii, kazini na nyumbani tu, sevisi kwa tarehe." Kilometa elfu 74. Gari la miaka ya 90! Labda mzungu alikuwa analisukuma.

Leo nimempelekea alinunue, ada ya mtoto imenibana. Kalizunguka. Kagonga fenda: du, du. Kapitisha kidole chini ya mlango, kutu ikamwagika kama unga wa muhogo. Akanitazama kwa huruma, wakuu, HURUMA: "Pole mzee wangu. Nani alikuuzia mkweche huu?"

Nani alikuuzia! Fenda hiyohiyo aliipiga kofi akasema "chuma hiki!" Bei yake milioni 7, eti kwa heshima yangu. Nani alikuuzia!

Spana17: Ulipitisha sumaku? Isiponasa, hapo ni puti, si bati. Na chesi, fremu ya chini, ulilala ukaiangalia? Huku pwani chumvi inaanza kula chini, juu wanapiga rangi tu.

Mleta uzi: Ningelalaje na kanzu ya Ijumaa?

BibiShangani: Kanzu hiyo imekugharimu milioni 19 😂

Spana17: Injini inachemsha?

Mleta uzi: Kwenye kilima cha Newala tu.

Spana17: Silinda hedi hiyo. 1KZ ikichemsha mara kadhaa hedi inapasuka. Chukua hiyo 7 kabla hajasikia.

Kipara_Mtwara: Afadhali wewe. Mimi Hilux, nikavuta gia ya 4x4, taa ya kijani ikawaka, nikaingia mchanga wa Msimbati kwa mbwembwe. Tairi za mbele zimetulia kama zimealikwa. Kuchungulia, propela ya mbele, shafti ya kuzungusha tairi hizo, haipo! Waliifungua wakauza. Wavuvi wamenisukuma huku wanaimba.

MkongaTu: Ndiyo maana nasema mkonga, Land Cruiser wa injini ya 1HZ. Hauna turbo, hauna umeme mwingi, unazeeka bei imesimama palepale.

Kipara_Mtwara: Wewe unao?

MkongaTu: Nina nia.

BibiShangani: Tuache magari. Nani anamjua fundi friji? Yangu inaunguruma kama Prado ya mleta uzi.

MkongaTu: Angalia gesi, Bibi.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu anakutazama usoni anasema "nani alikuuzia"...

BibiShangani: Friji? Nilinunua Masasi.