Bodi milioni 11.4, pengo la ada milioni 9: shahada ya afya ya jamii inalipa?

Mjukuu wa Mgeta
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi chuo binafsi, shahada ya afya ya jamii, miaka 3. Bodi ya Mikopo imempangia 3,800,000 kwa mwaka: chakula na malazi 2,400,000, vitabu na viandikwa 200,000, ada 1,200,000. Ada yenyewe ni 4,200,000, kwa hiyo kila mwaka linabaki pengo la 3,000,000. Mzee ni mtumishi wa halmashauri, anataka kukopa SACCOS azibe. Mama hana raha: anaona binti atamaliza na deni la milioni 11.4 na kukatwa 15% ya mshahara mpaka azeeke. Akiajiriwa hesabu inakuwaje? Na kozi yenyewe inamfikisha wapi? Usajili unafungwa wiki ijayo.

Karani wa Mishahara
Mkuu, hayo ni madeni mawili tofauti kabisa, la bodi na la SACCOS, na mama anaogopa lile lenye nafuu.

Deni la bodi halina riba. Tozo ya 6% ya kulinda thamani na adhabu ya 10% ya kuchelewa viliondolewa mwaka 2021. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji 1%, yaani 114,000, jumla inakuwa 11,514,000. Shilingi ya miaka 8 ijayo itanunua vitu vichache kuliko ya leo, naye atakuwa analipa kiasi kile kile.

Sasa tuchukue mshahara wa msingi wa 1,000,000 serikalini, namba ya kurahisisha hesabu tu. Karatasi ya mshahara itasomeka hivi:

PSSSF (mfuko wa pensheni) 5%: 50,000
PAYE (kodi ya mshahara, kwenye 950,000 iliyobaki): 115,500
NHIF (bima ya afya) 3%: 30,000
Chama cha wafanyakazi 2%: 20,000
Bodi 15%: 150,000
Mkononi: 634,500

Kwa 150,000 kwa mwezi deni linaisha miezi 77, miaka 6 na miezi 5. Mshahara ukipanda, kato linapanda na muda unafupika. Hakuna kuzeeka nalo.

Pa kuangalia ni theluthi. Mtumishi lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, hapo 333,333. Akishakatwa hayo yote, nafasi ya mkopo wa benki ni kama 301,000 kwa mwezi. Akiijaza mwaka wa kwanza wa kazi, bodi ndiyo italaumiwa wakati aliyembana ni benki.

Na jambo moja linalosahaulika: makato yanafungwa kwenye namba ya mtihani ya kidato cha 4. Mwajiri akikosea tarakimu moja, pesa inakatwa kwako na deni lako halipungui. Aombe taarifa ya deni kila baada ya miezi michache, alinganishe na karatasi za mshahara mstari kwa mstari. Akikaribia kumaliza aifuatilie kila mwezi, kwa sababu kato halijui kujizima lenyewe.

Afya Kata
Mimi naanzia kwenye jina la shahada, maana ndilo linaloamua kama huo mshahara utakuwepo. Tangazo la serikali la Afisa Afya Mazingira linataka shahada ya afya ya mazingira na usajili wa Baraza la wataalamu wa fani hiyo. "Afya ya jamii" kwa ujumla inaweza isikubalike hata kama masomo yanafanana kwa kiasi kikubwa. Kabla ya kulipa hata shilingi, fungueni matangazo ya nyuma ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, msome kipengele cha sifa neno kwa neno, kisha waulizeni Baraza kama wahitimu wa kozi hiyo ya chuo hicho wanasajiliwa. Jibu liwe la maandishi.

Wakikataa, kinachobaki zaidi ni mashirika na miradi. Huko mshahara unaweza kuwa mzuri, ila mkataba unafuata pesa ya mfadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake na miradi mingi ya afya ikakatika ghafla. Mkataba ukiisha, makato ya bodi yanasimama na deni linabaki pale pale.

Mjukuu wa Mgeta
Asanteni sana, hili la Baraza hatukuliwaza kabisa. Na SACCOS je? Wamemwambia mzee 18% kwa mwaka, miezi 24.

Mhazini wa Chama
Mzee aulize swali moja: 18% ya nini? Ikiwa ni riba ya moja kwa moja juu ya mkopo wote, 3,000,000 inazaa 1,080,000, rejesho 170,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni karibu 149,800 na riba yote haifiki 600,000. Asilimia ile ile, tofauti inakaribia 485,000. Aombe jedwali la marejesho kabla ya kusaini.

Halafu mwaka wa pili anakopa tena kabla ya kumaliza wa kwanza, kwa riba ya moja kwa moja makato yanakuwa 340,000 kwa mwezi kwenye mshahara wa baba, yeye naye akiwa na theluthi yake ya kulinda. Mikopo mitatu ya namna hiyo inafika 12,240,000. Oneni hapo: kuziba pengo la milioni 9 kunagharimu kuliko deni zima la bodi, na kunaanza kulipwa mwezi unaofuata, binti hata hajafanya jaribio la kwanza.

Punguzeni pengo kwanza. Dirisha la rufaa bodi likifunguliwa akate rufaa, na vielelezo kama cheti cha kuzaliwa viwe vimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Wengi hukwama hapo. Ombeni chuo ada kwa awamu, mzee akope 1,500,000 ya muhula mmoja tu. Msigeuze hela ya chakula kuwa ada. 10,000 kwa siku ikishaliwa na ada, mwanafunzi anashinda na njaa na anaanza kubeba masomo, yaani kufeli na kuyarudia.

Afya Kata
Naongezea: Baraza wakisema hawasajili, asilipe. Diploma ya afya ya mazingira kwenye chuo cha serikali, kisha shahada baadaye, ni njia ndefu lakini inasajilika. Barua kwa Baraza iende kesho asubuhi, iandikwe jina kamili la kozi kama lilivyo kwenye barua ya udahili.