Naanza masomo Leipzig Oktoba: chumba kisicho na usajili wa anwani nichukue? Na kazi naruhusiwa saa ngapi?

Msafiri_Oktoba:
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Leipzig, Ujerumani, viza ninayo na Sperrkonto (akaunti maalumu ya benki inayotoa pesa ya kujikimu kidogo kidogo kila mwezi) ina euro 11,904. Hosteli ya chuo bado nipo kwenye foleni. Kuna mtu ananipa chumba cha kushea kwa miezi minne, euro 320 kwa mwezi, ila anasema kwenye anwani hiyo hakuna kujiandikisha. Je, nichukue huku nikisubiri hosteli? Na kazi naweza kuanza lini, saa ngapi kwa wiki? Kila ninayemuuliza ana jibu lake: mmoja saa 20, mwingine siku 140, mwingine siku 280.

Kitasa:
Karibu ndugu. Hicho chumba kiache, hata kama bei inavutia.

Ujerumani anwani iliyoandikishwa ndiyo mlango wa vingine vyote. Sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Unakwenda na pasipoti, fomu, na karatasi inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba umehamia kwake. Mkataba wa upangaji haushiki nafasi ya karatasi hiyo, na wengi hurudishwa dirishani kwa sababu wamebeba mkataba peke yake. Usajili haulipiwi. Weka miadi ungali nyumbani, kwa sababu mwezi wa Oktoba wanafunzi wapya wote wanagombania nafasi zile zile.

Ukishajiandikisha, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11 inakuja kwa posta baada ya wiki mbili hadi nne. Mwajiri anaihitaji. Ukianza kazi bila namba hiyo anaweza kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Fedha hiyo hurudi baadaye, lakini kodi ya chumba haisubiri baadaye. Idara ya uhamiaji nayo inataka uthibitisho wa anwani kabla ya kukupa kibali cha ukaazi.

Anayekataa usajili mara nyingi ni mpangaji anayepangisha bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akigundua, anayetolewa ni wewe, na huna karatasi ya kujitetea.

Jambo dogo linaloleta hasara kubwa: bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ile ile unayoingia, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mpeleka barua haulizi majirani. Asipoliona jina, barua inarudi ilikotoka, iwe ni namba ya kodi, kadi ya benki au namba ya siri, maana kadi na namba yake ya siri hutumwa kwa bahasha tofauti siku tofauti.

Mizani:
Mkuu, hao watu watatu wote wako sahihi, ila wanazungumzia sheria mbili kana kwamba ni moja.

Ya kwanza ni sheria ya ukaazi. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ana siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Siku ya saa nne au pungufu inahesabiwa nusu. Kuna hesabu ya pili pia: wiki ambayo hukuzidi saa 20 wakati wa vipindi inahesabiwa siku mbili na nusu tu, haijalishi umezigawa vipi. Wakati wa likizo ya chuo wiki nzima ya kazi nayo ni siku mbili na nusu, hata ukifanya saa 40. Kila wiki unachukua hesabu inayokufaa. Chukua mtu wa siku tatu za saa sita sita: kwa siku ametumia tatu, kwa wiki ametumia mbili na nusu, basi anaandika mbili na nusu. Ukifanya hivyo wiki zote 52 umetumia siku 130, bado zimebaki 10. Kazi ya msaidizi chuoni kwako haihesabiwi kabisa kwenye siku hizo, ndiyo maana ni kazi ya kuitafuta mapema. Daftari la siku ni juu yako. Mwajiri wa pili hajui wa kwanza amekutumia siku ngapi.

Ya pili ni sheria ya hifadhi ya jamii, na hapa ndipo zinapoingia saa 20. Ukibaki ndani ya saa 20 wakati wa muhula unahesabika Werkstudent, yaani mwanafunzi anayefanya kazi: kwenye mshahara unakatwa pensheni tu, asilimia 9.3, pamoja na kodi kama ipo. Ukizidi, unaingia kwenye makato kamili ya bima ya afya, ya matunzo ya wasiojiweza, ya ukosefu wa ajira na pensheni, karibu moja ya tano ya mshahara. Saa za kazi zote zinajumlishwa. Saa 12 ghalani na 10 mgahawani ni 22, hata kama kila bosi anaona zake tu.

Ukitaka kazi ndogo zaidi kuna Minijob. Kuanzia Januari 2026 kikomo chake ni euro 603 kwa mwezi na kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa, kwa hiyo ni kama saa 43 kwa mwezi. Hapo mfanyakazi huchangia pensheni asilimia 3.6, na anaweza kuomba kwa maandishi asikatwe.

Kodi ya mapato hailipwi kama kipato cha mwaka hakijafika euro 12,348 kwa mwaka 2026. Ukikatwa kwenye mwezi uliofanya kazi nyingi, jaza ritani mwaka ukiisha uirudishe. Unaruhusiwa kurudi nyuma hadi miaka minne. Na karatasi za pensheni usizitupe: ukishaondoka Umoja wa Ulaya na miezi 24 ikapita bila kuchangia, unaweza kuomba sehemu yako irudishwe.

Msafiri_Oktoba:
Mmenifungua macho. Chumba nimekikataa. Swali dogo: kuna kazi ya kupeleka chakula kwa baiskeli, wanasema nijisajili kama mjasiriamali halafu niwatumie ankara kila wiki. Hiyo nayo iko ndani ya siku 140?

Mizani:
Hapana, na usiianze. Siku 140 ni za ajira, yaani una mkataba na mwajiri anakukata makato. Kutuma ankara ni kujiajiri, na kujiajiri kunahitaji ruhusa ya pekee ya idara ya uhamiaji, iandikwe kwenye kibali chako kabla hujaanza. Kosa hili linajitokeza wakati wa kuongeza kibali, ukiombwa kuonyesha pesa ya kujikimu inatoka wapi. Kazi ya baiskeli yenye mkataba wa ajira haina tatizo. Tofauti iko kwenye karatasi unayotia sahihi, kwa hiyo isome.

Bi_Hesabu:
Niongeze upande wa fedha, mwanangu, maana wengi hukwama mwezi wa kwanza.

Sperrkonto inakupa euro 992 kwa mwezi, lakini haifunguki siku unayotua. Lazima ufungue akaunti ya kawaida ya benki, utume uthibitisho, usubiri. Wakati huo huo unadaiwa kodi ya chumba, amana, na ada ya muhula. Njoo na euro 1,500 hadi 2,000 nje ya Sperrkonto. Amana ya nyumba kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu (ile isiyo na gharama za maji na joto), na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Anayedai yote mara moja kwa sababu mwenye nyumba yuko safarini na funguo atazituma kwa posta ni tapeli.

Bima: kama hujafikisha miaka 30, ingia bima ya umma kwa kiwango cha mwanafunzi. Utaona bima binafsi za bei nusu. Ukiomba kuondolewa kwenye bima ya umma ili uchukue hizo, huwezi kurudi tena kwenye kiwango hicho mpaka masomo yaishe. Uamuzi huo unafanyika kwa fomu moja wiki ya kujisajili chuoni, wakati mtu amechoka na anasaini kila kitu.

Kisha itakuja barua ya ada ya utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi. Kutokuwa na televisheni hakukuondolei deni. Ila ni ada ya nyumba, haihesabu vichwa: kama mwenzako wa chumba analipa, mwombe namba yake ya malipo, uiandike kwenye majibu.

Kitasa:
Mawili ya mwisho kutoka kwangu. Viza nyingi za kuingilia ni za miezi michache, kwa hiyo omba kibali cha ukaazi wiki nane hadi kumi na mbili kabla haijaisha. Ukiwasilisha ombi kabla ya tarehe hiyo, haki zako zinaendelea, na unapewa Fiktionsbescheinigung, yaani cheti cha muda cha kuonyesha kwamba ombi lako linashughulikiwa. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani, angalia wamechagua kifungu gani cha sheria ya ukaazi: 81 kijisehemu cha 4 kinakuruhusu kurudi, cha 3 hakikuruhusu.

La pili ni ukungu ukutani, jambo linalokula amana za watu wengi. Ukipika na kuanika nguo ndani wakati wa baridi, mvuke unatulia kwenye kuta za nje na kuota weusi. Kuinamisha dirisha liwe wazi kidogo kutwa nzima hakusaidii, kunapoza ukuta tu. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, hita ukiwa umeizima, kisha funga na uiwashe. Namba 3 kwenye kitasa cha hita ni nyuzi 20 hivi. Siku ya kuingia piga picha kila pembe na usome mita mbele ya mwenye nyumba, mtie sahihi wote wawili.