Naomba ushauri: nimjibuje kijana wa Kipaimara ambaye baba yake ni Mwislamu?

Mwalimu wa Kipaimara (mwanzisha uzi)
Tumsifu Yesu Kristo. Katika darasa langu yumo kijana ambaye mama yake ni Mkatoliki na baba yake ni Mwislamu. Aliniuliza mbele ya wenzake kama Mungu anayeabudiwa na baba yake ndiye huyu tunayemwabudu sisi, na kama ndiye, kwa nini baba husema kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, ilhali sisi kila Dominika tunamkiri Mwana aliyezaliwa kwa Baba tangu milele yote. Sitaki amdharau baba yake, wala sitaki kumwambia kwamba dini zote ni sawa, kwa kuwa siamini hivyo. Nianzie wapi?

Katekista Mstaafu
Milele amina, mwalimu. Swali la kwanza Kanisa limekwisha kulijibu. Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, linafundisha kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja, aliye hai, mwenye rehema, Muumba wa mbingu na dunia, nayo Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 841, inakiri kwamba wanamwabudu pamoja nasi. Kijana ayasikie hayo kwanza.

Neno "kuzaa" ndilo linalohitaji subira. Katika Kurani, Sura ya 6, aya ya 101, inauliza Mungu atakuwaje na mwana ilhali hana mke. Kuzaa kwa namna hiyo hata sisi tunakukana. Padre Ario wa Aleksandria alipodai kuwa Mwana ni kiumbe, maaskofu katika Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 walimjibu kwa maneno tunayoyasali hadi leo katika Nasadiki, sala yetu ya kukiri imani: aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Hata hivyo, usimwambie kijana kwamba tofauti hii ni ya maneno tu. Mwislamu anayeelewa vizuri kabisa tunachokisema bado atakikataa, kwa sababu kwake kumshirikisha Mungu na yeyote ni dhambi kubwa kuliko zote.

Mama wa Rozari
Mimi nimelelewa katika ukoo wenye dini zote mbili, na naona watu hukimbilia Utatu wakauacha msalaba. Bikira Maria hutukutanisha: Sura ya 19 ina jina lake, naye ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani, tena kama bikira. Lakini Sura ya 4, aya ya 157, inakana kwamba Yesu alisulubiwa. Chanzo cha tofauti hii kuhusu msalaba kiko nyuma zaidi, kwa Adamu. Katika Kurani Adamu alitubu akasamehewa, na kosa lake halikurithiwa na wanawe, kwa hiyo mwanadamu anahitaji uongofu na msamaha, wala si Mkombozi wa kumfia. Sisi tunaamini kwamba jeraha lile limetufikia sote, na kwamba Mungu mwenyewe alishuka kuliponya. Kijana akilielewa hili, ataelewa kwa nini tunaadhimisha Misa.

Msomaji Mwislamu
Assalaam alaykum. Nimefurahi kuona mnatusoma kwa heshima, nami ninaomba kuongeza jambo moja. Wengi hulinganisha Yesu na Mtume Muhammad, kisha Biblia na Kurani, na ulinganisho huo hupotosha. Kwetu Neno la Mungu limeshushwa likawa Kurani, na Mtume ni mwanadamu aliyelipokea na kulifikisha. Ninyi mnasema Neno alifanyika mwili. Kwa hiyo nafasi ya Yesu kwenu iko karibu zaidi na nafasi ya Kurani kwetu.

Mwalimu wa Kipaimara
Wa alaykum salaam, ndugu yangu, umenifungua macho. Katekisimu nayo, namba 108, inasema kwamba imani yetu si dini ya kitabu, bali ya Neno aliyefanyika mwili na anayeishi, na sikuwahi kuiona kama jibu la swali hili. Nitazungumza na kijana peke yake kabla ya darasa. Tutaipitia Nasadiki mstari kwa mstari, na maana ya "hakuzaa wala hakuzaliwa" nitamwomba akamuulize baba yake mwenyewe, nisije nikamsemea.