Magugu malishoni wakati wa kiangazi: tupeane uzoefu

Mfugaji Mwakirunge
Asalaam aleikum jamaa. Kaskazi ya safari hii imetushika pabaya. Nyasi ukizikanyaga zavunjika, lakini mitunguja na lantana, ile miti ya ua yenye maua madogo madogo, zimesimama kijani kibichi, utadhani kuna mtu azimwagilia usiku. Shamba lenyewe ni dogo, ng'ombe wanne na mbuzi. Vibarua nao siku hizi bei zao hazisemeki. Nyinyi wa Utange, Jomvu, Likoni na huko juu Mazeras mwafanyaje? Na yule wa kuniambia niuze ng'ombe ninunue bodaboda apite kimya kimya.

Kifaru Mtupu
Uza ng'ombe ununue bodaboda.

Mama Maziwa
Mtunguja usifyeke, utachipua mashina matatu pahali pa moja. Ng'oa na mzizi wake. Najua utasema ardhi ni ngumu, na kweli mzizi hukatikia ndani. Sisi maji ya kufulia hatumwagi ovyo: jioni kila shina lapata kata moja, asubuhi twang'oa kwa jembe. Kazi ya polepole lakini haina gharama. Na uwahi kabla zile tunguja hazijawa njano, zikipasuka hapo ushapanda za mwaka ujao.

Pampu Mgongoni
Mwajitesa bure. Dawa ya kuua magugu, glifoseti, na pampu, asubuhi moja kazi imekwisha.

Mtongwe Halisi
Kazi imekwisha na nyasi zimekwisha, maana glifoseti haichagui. Halafu wewe wapiga dawa kiangazi? Mmea wenye kiu umejifunga, hauinywi dawa. Majani yamejaa vumbi, na glifoseti ikigusana na udongo hushikwa hapo hapo, haifanyi kitu. Umenyunyizia vumbi.

Pampu Mgongoni
Basi tumia 2,4-D, hiyo yaua ya majani mapana na kuacha nyasi. Si lazima kila kitu mpinge.

Mtongwe Halisi
Kwa upepo huu? Jirani yangu alipiga hiyo hiyo dawa, kunde zangu na mipapai ikajikunja yote. Mpaka leo twasalimiana kwa mkono wa mbali. Subiri mvua za mwaka, yaani masika, zianze, magugu yachipue laini, upepo utulie asubuhi, ndipo upige. Na mifugo ikae nje ya malisho mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe.

Pampu Mgongoni
Chupa gani, wengine twapimiwa dukani kwenye chupa za maji.

Mama Maziwa
Ya Rabi.

Wa Jomvu
Hiyo lantana imenikumbusha ng'ombe wa marehemu baba, ule ukame wa 2022, mvua zilipokosa msimu baada ya msimu tangu vuli ya 2020. Baba alinunua ng'ombe mnadani Mariakani, wa madoa meusi na meupe, mzuri wa macho. Hawa wetu wa nyumbani lantana ya uani walikuwa wakiipita tu, hawaigusi. Yule alikuwa mgeni, hakuyajua majani ya huku, na njaa ilikuwa njaa.

Alianza kwa kukataa chakula. Choo kikawa kigumu, macho yakageuka manjano, mchana kutwa ajibanza ukutani kufuata kivuli. Kisha ngozi. Jamani, ile ngozi! Kila doa jeupe lilivimba, likapasuka, likaanza kutoa maji na kubanduka. Doa jeusi lililo ubavuni mwake ni zima, nywele zang'aa. Ukipitisha kidole wausikia mpaka wenyewe, huku pamepoa na laini, huku pamoto na pamekauka. Pua nayo ikachubuka.

Mtaa mzima ukaja kutazama. Huyu asema ni jicho, huyu asema katupiwa. Mmoja akatamka wazi kwamba ni maji ya moto, na aliyemwagia ni jirani tuliyekuwa tukigombana naye mpaka wa shamba. Baba akavaa kanzu aende kwa chifu. Ami akasema hapana, akaleta mganga, ng'ombe akafukizwa ubani mpaka akakohoa.

Daktari wa mifugo alipokuja hakuuliza tuna ugomvi na nani. Alimfunua ng'ombe jicho, akaenda moja kwa moja kwenye ua, akarudi na tawi la lantana lililotafunwa. Akatueleza: sumu yake yapiga ini. Ini likishindwa, kuna kitu kitokanacho na kule kusagika kwa majani mabichi tumboni ambacho lilipaswa kukitoa, sasa chabaki kwenye damu. Jua likipiga ngozi nyeupe, yaungua. Ngozi nyeusi ina kinga yake. Akampa mkaa wa dawa, akaamuru mchana akae ndani gizani na majani mabichi asipewe.

Alipona, baada ya muda mrefu, ila maziwa hayakurudi. Mganga alikuja kudai chake, kwa kuwa ng'ombe kapona.

Kifaru Mtupu
Mkamlipa?

Wa Jomvu
Ami alimlipa.

Mama Maziwa
Na yule jirani?

Wa Jomvu
Baba alimpelekea maziwa ya wale wengine. Aliyarudisha na chupa.

Mazeras Juu
Poleni. Mimi sing'oi kitu, nimefungulia mbuzi, wao hula chochote.

Wa Jomvu
Mbuzi pia lantana yawaua. Umesoma au umepita tu?

Mazeras Juu
Wangu wamezoea. Tena nafikiria kupanda mathenge, ule mti wa miiba, kwenye ua, haufi kwa kiangazi na maganda yake ni chakula.

Mtongwe Halisi
Mathenge! Watu wa Baringo mwaka 2006 walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuwa ushahidi, meno yameozeshwa na yale maganda matamu, nawe wataka kuupanda kwa hiari?

Mazeras Juu
Maganda yakisagwa unga hayana neno.

Mtongwe Halisi
Kweli, kusaga huua mbegu. Mbuzi hasagi, hupitisha nzima na kukupandia shamba zima pamoja na mbolea yake. Na ukiukata juu ya ardhi wachipua tena, lazima uchimbe shina chini.

Babu wa Likoni
Choma yote. Zamani tulichoma.

Mama Maziwa
Babu, kwa kaskazi hii na nyumba za makuti?

Babu wa Likoni
Zamani nyumba zilikuwa mbali.

Mfugaji wa Zamu
Nitasema lisilopendwa. Kiangazi ng'oa yenye sumu tu, mengine yaache. Ukisafisha yote udongo wabaki uchi, mvua ya kwanza yashuka na magugu ndiyo yatangulia, nyasi zako zimekwisha kuliwa hadi mzizi. Fungeni kipande kimoja mifugo isiingie. Na hayo marobota ya nyasi mnunuayo kutoka bara, walishieni pahali pamoja, mwangalie kitakachoota hapo. Mimi karoti pori, lile gugu la parthenium, sikuwa nayo. Ililetwa na lori la nyasi.

Mfugaji Mwakirunge
Shukrani. Basi nyasi nitanunua kwa mtu wa karibu. Nani ana mbolea ya mbuzi pia, ya kipande hicho nitakachofunga?

Mazeras Juu
Ninayo, magunia tele.

Mtongwe Halisi
Iliyooza au mbichi?