Maumivu baada ya kuwekewa poti ya kemotherapi: naomba ushauri

Mwalimu wa Isevya

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika nikiwa Tabora, ambako nimerudi kupumzika kabla ya kuanza dripu za kemotherapi huko Mwanza. Nina saratani ya titi la kushoto, na wiki iliyopita niliwekewa poti, yaani kifaa kidogo cha kupitishia dawa kinachofukiwa chini ya ngozi, upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga. Daktari alinieleza kwamba mojawapo ya dawa nitakazopewa, ile nyekundu iitwayo doksorubisini, huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, na kwamba mishipa yangu ya mikononi ni myembamba mno kwa kazi hiyo. Uamuzi huo niliuafiki na ninauafiki hadi sasa.

Kinachonisumbua ni maumivu. Ganzi ilipoisha nilianza kuumwa kidondani, jambo ambalo nilikuwa nimeelezwa, lakini shingo nayo inauma upande huohuo, na nikigeuza kichwa nahisi kitu kinavutika chini ya ngozi. Kifuani pamevilia damu, ingawa rangi ya zambarau imeanza kugeuka manjano. Matuta ya barabarani kutoka Mwanza hadi Nzega niliyahesabu kwa meno. Sina homa, na kidonda ni kikavu.

Mama mkwe, ambaye ananihudumia kwa moyo mmoja, anataka kunikanda kwa maji ya moto na kunipaka asali, na ninyi mnajua kwamba kumkatalia mama mkwe si jambo jepesi. Naomba mliopitia haya mnieleze maumivu ya namna hii yana mwisho gani, na mlituliza vipi.

Mzee wa Gungu

Pole sana, mwalimu. Mimi niko Kigoma, na niliwekewa poti Dar es Salaam nilipokuwa nikitibiwa saratani ya utumbo mpana. Hayo ya shingo yalinipata vilevile. Mpira wa poti hauishii pale kifuani: hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi ule wa shingoni, kisha hushuka mpaka karibu na moyo. Njia hiyo nzima imechokonolewa, kwa hiyo ni haki yake kuuma. Kwangu maumivu makali yalikwisha ndani ya siku chache, na ukakasi wa kuguswaguswa ukaendelea kwa muda baada ya hapo, ukipungua taratibu.

Kuhusu kulala, jaribu kulala chali huku umeinua kichwa na mabega kwa mito, na uweke mto mdogo au kanga iliyokunjwa chini ya mkono wa upande wa poti ili bega lisining'inie. Safarini, kama mkanda wa kiti unapita juu ya poti, tanguliza kitambaa laini kilichokunjwa, lakini usiache kuufunga. Mkoba ubebe bega la pili. Halafu usiugandishe mkono kwa hofu, maana nimeona wagonjwa wenzangu ambao poti iliwapona upesi wakabaki wanauguza bega lililokakamaa.

Binti wa Sikonge

Dada, asali ya miombo haijawahi kumdhuru mtu. Kwetu tunapaka kwenye kila kidonda, na kukandwa ndiyo dawa ya uvimbe tangu enzi za bibi zetu. Msikilize mama mkwe.

Nesi wa Kasulu

Binti wa Sikonge, asali ya Tabora ninaiheshimu na ninaila, ila hapa naomba nikupinge. Asali inayotumika hospitalini kwenye vidonda husafishwa kwa mionzi ili kuua vimelea, ilhali hiyo ya kwenye debe haijasafishwa kwa namna hiyo. Chini ya kidonda cha mwalimu kuna kifaa kigeni ambacho mpira wake unafika kwenye mshipa mkubwa wa damu, na bakteria wakikipata huwa vigumu kuwaondoa bila kukitoa kifaa chenyewe. Kukanda nako kunaweza kuongeza uvimbe, kukaachanisha kidonda au kukasogeza poti kabla nyama haijaishika. Mwalimu, kwa mama mkwe mwombe akusaidie kazi ambayo kweli inahitaji mtu: kuchota maji, kutwanga, kulima na kumbeba mtoto mgongoni, kwa sababu ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mbeleko hupita palepale begani. Kazi hizo ziache mpaka daktari akuruhusu.

Kwa maumivu, parasetamo kwa kipimo ulichoandikiwa kwa kawaida hutosha. Usinunue diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini dukani bila ruhusa ya daktari wako, kwa kuwa zinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu, na kemotherapi nayo hupunguza chembe zinazogandisha damu. Barafu iliyofungwa kwenye taulo kavu, dakika kumi hadi kumi na tano kwa awamu moja, inasaidia uvimbe mradi bandeji isilowe. Kuoga kwa ndoo kuna faida yake hapa, kwani unaweza kujimwagia kuanzia kiunoni kwenda chini na kujifuta kwa kitambaa sehemu za juu.

Maumivu yako, kwa jinsi ulivyoyaeleza, ni ya kupona, maana hata damu iliyovilia inabadilika rangi kuelekea uzima. Ila yakianza kuongezeka badala ya kupungua, au ukiona wekundu unaotanda, joto, usaha, au uvimbe wa mkono, shingo au uso, wapigie waliokuwekea poti siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi hayangoji simu: nenda hospitali iliyo karibu.

Lipo jambo ambalo kwa mikoa yetu nalihofia kuliko yote. Hapa mtu akipata homa humeza dawa mseto akajifunika blanketi, kwa sababu malaria ni mwenzetu wa siku zote. Wewe ukishaanza kemotherapi, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama ni saa nane za usiku. Pima joto kabla ya kumeza parasetamo, kwa kuwa dawa hiyo huificha homa, kisha nenda hospitali ya Kitete hapo Tabora na uwaambie mlangoni kabisa kwamba unapata kemotherapi na una poti. Malaria itapimwa, lakini pamoja na wingi wa damu na maambukizi mengine.

Mwalimu wa Isevya

Nawashukuru nyote, na Binti wa Sikonge pia. Mama mkwe nimemsomea maelezo ya nesi, naye amesema asali tutainywa kwenye uji. Swali langu la mwisho: siku ya dripu watachoma sindano hapohapo panapouma?

Nesi wa Kasulu

Watachoma kwenye poti yenyewe, juu ya ngozi iliyo pembeni ya kidonda, kwa sindano maalumu, na wakiona uvimbe bado ni mkubwa wataamua jinsi ya kufanya. Waulize kuhusu krimu ya ganzi yenye lidokeini, ambayo hupakwa kama nusu saa hadi saa moja kabla, lakini isiguse kidonda kibichi. Dripu ikiwa inaingia ukahisi kuungua au kuvimba, usivumilie kwa adabu: mwite muuguzi aifunge mara moja, hasa ikiwa ni ile nyekundu.

Ulipowekewa poti huenda ulipewa kadi ndogo yenye aina ya kifaa. Kama hukupewa, iombe, kisha andika nyuma yake namba ya simu ya wodi na utembee nayo. Ukilazwa ghafla Tabora, waonyeshe, na kama hakuna aliyefunzwa kutumia poti, waombe watumie mshipa wa mkono wa kulia hadi wazungumze na Mwanza.