Tupeane uzoefu: Kuishi na sikio moja linalosikia baada ya upasuaji

Mwenye mada, Malindi

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye neva ya sikio la kulia, uvimbe ambao madaktari walituhakikishia kuwa si saratani, ingawa ulikuwa umekua kiasi cha kukaribia kuubana ubongo. Alhamdulillahi, afya yake imerejea na uso haukupooza, jambo lililokuwa likitutisha kuliko yote, lakini sikio lile halisikii tena hata kidogo. Kila tunayemuuliza ana lake: mmoja anasema anunue mashine ya sikio ya kawaida, mwingine anataka tusafiri hadi India akapandikizwe kifaa, na wapo wasemao avumilie tu kwa kuwa la kushoto ni zima. Ningependa kusikia kwa waliopitia wenyewe, si kwa waliosimuliwa. Mlitumia nini, na kiliwafaa wapi?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Waalaykumu salaam, dada yangu. Mfikishie shemeji pole zangu. Yangu yalikuwa hayo hayo, isipokuwa kwangu ni sikio la kushoto. Daktari alipitia nyuma ya sikio, njia ambayo humlazimu kuliondoa sikio la ndani ili aufikie uvimbe, kwa hiyo niliambiwa mapema kwamba usikivu wa upande huo ungekwenda wote.

Nilitarajia kupungukiwa na sauti, kumbe kilichonipotea hasa ni kujua sauti inatoka wapi. Ubongo huutambua upande kwa kulinganisha masikio mawili, lipi limefikiwa kwanza na lipi limepata sauti kubwa zaidi, na tofauti yenyewe ya muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Likifa moja, hakuna cha kulinganisha. Hapa mjini nasikia kwato za punda vizuri kabisa, ila siwezi kusema kama yuko mbele, yuko nyuma au anatokea kichochoroni. Ndiyo maana hutembea karibu na ukuta nikiuweka upande wangu wa kushoto, ili lolote lijalo linijie upande unaosikia. Barazani nami hukaa mwisho kabisa wa kushoto, wenzangu wote wawe kulia kwangu. Shemeji atageuza mambo hayo, na garini akumbuke kuwa madereva wetu hukaa kulia, hivyo kiti cha mbele kando ya dereva hakitamfaa ikiwa anataka mazungumzo.

Kuhusu vifaa, natumia mashine za jozi. Ile ya upande uliokufa ina kinasa sauti tu, nayo huirusha sauti bila waya hadi kwenye ya pili, iliyo katika sikio zima. Mtu akininong'oneza kushotoni namsikia bila kugeuza shingo, na hilo kwangu ni kubwa. Hata hivyo sauti zote bado zinaingia kwa mlango mmoja, kwa hiyo upande zinakotoka sijarudishiwa. Kwenye harusi, ngoma zikiwa kushoto kwangu, mashine hunibebea kelele zote hadi kwenye sikio nililolitegemea, na hapo naizima. Wauzaji hawalisemi hilo.

Mwalimu, Barani, Malindi

Dada, aanze kwa kupimwa usikivu. Mimi nilipasuliwa kwa ajili ya kolesteatoma, yaani ngozi inayoota pasipotakiwa ndani ya sikio la kati, na vifupa vya sikio la kati vikaondolewa, lakini sikio la ndani na neva vilibaki vizima. Kwangu mashine ya kawaida inatosha, kwa sababu inachofanya ni kuiongeza nguvu sauti iliyokosa njia. Ikiwa neva au sikio la ndani la mumeo limekufa kabisa, mashine hiyo hiyo itakuwa fedha iliyotupwa baharini.

Nahodha, Shela

Naendesha boti kati ya Mokowe na Lamu, na sikio langu la kulia lilikufa baada ya upasuaji wa usaha wa miaka mingi. Nilijaribishwa kifaa cha kutetemesha mfupa, kilichofungwa kwa utepe kichwani: hunasa sauti upande mbovu na kuipitisha kwenye fuvu hadi sikio zima. Ukikipenda, hupandikizwa skrubu ndogo kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nyumbani kilinifaa sana. Botini upepo ulikipiga mpaka nikawa sisikii abiria wala injini, na kazi yangu yote ni ya upepo, basi nikakirudisha. Namshauri mumeo asikubali skrubu kabla ya kukivaa kwa utepe pale hasa anapofanyia kazi.

Muuguzi, Malindi

Ufundi wa skrubu anaousema nahodha ulianza kwa wagonjwa nchini Uswidi mwaka 1977, na umezoeleka. Kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachotiwa ndani ya sikio la ndani na kuisisimua neva kwa umeme, ndicho pekee kinachoweza kulirudishia sikio lenyewe aina ya usikivu, na Marekani ilikiidhinisha kwa wenye uziwi wa sikio moja mwaka 2019; ila kinahitaji neva ya kusikia iliyo hai. Kabla ya kukata tiketi ya India, bibi, ombeni ripoti ya upasuaji na mmuulize daktari kama neva ilikatwa, kwa sababu jibu linaweza kuifuta safari yote. Ulizeni pia habari ya sumaku. Mtu aliyeondolewa uvimbe huhitaji picha za MRI za kumfuatilia, zinazopigwa kwa mashine ya sumaku yenye nguvu, na vipandikizi vingine vyenye sumaku ndani huharibu picha hizo au huhitaji tahadhari maalumu.

Jambo la dharura ni sikio la kushoto. Likipungua kusikia ghafla, asingoje hadi kesho wala asitie mafuta. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya hali hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Mwenye mada, Malindi

Ahsanteni sana. Ripoti tutaiomba wiki hii. Ameelekea kuzipenda hizo mashine za jozi, lakini nyumba yetu iko karibu na pwani. Je, chumvi na unyevu haviziharibu?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Huziharibu zikiachwa wazi. Usiku zangu hulala ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vidonge vya kufyonza unyevu, nami huzifuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuziweka. Kama ni za betri ndogo za duara, azitoe usiku. Betri hizo huja na kijikaratasi cha gundi; kikishabanduliwa huanza kuisha hata zisipotumika, kwa hiyo asikibandue mpaka ile iliyomo iishe.