Kujumlisha biti 8 ndani ya Dwarf Fortress: maji, gia au toroli?

KichwaNgumu:
Wakuu habari. Nataka kujenga mashine ya kujumlisha namba mbili za biti 8 (tarakimu nane za 0 na 1) ndani ya Dwarf Fortress, ile gemu ya kujenga ngome ya mbilikimo, hakuna mod, hakuna script, ni vifaa vya gemu tu. Nilianza na maji maana ndo rahisi kuelewa, biti mbili za kwanza zikakubali, ya tatu ikanigomea. Maji yanafika kwenye kibao cha kukanyaga (kile kinachotuma ishara kikiguswa) muda yanaotaka yenyewe, na yakibaki kina cha 1/7 yanakauka. Halafu kuna mlango mmoja nilisahau kufunga, karakana ya useremala saivi ni bwawa. Nihamie gia, toroli, au nivumilie tu? Mliojenga mnasemaje.

MajiMarefu:
Pole na karakana lakini maji usiyaonee, wewe umeyapa njia ndefu mno. Kibao unakipangia kina cha maji kuanzia 0 mpaka 7, kwa hiyo kibao kimoja ukikiweka 4–7 kinasema ndiyo, cha pembeni yake ukikiweka 0–3 kinasema hapana, kinyume umepata bure bila kujenga kitu kingine. Na tumia milango, sio madaraja, mlango unaitika hapohapo ila daraja na lango la maji vinachelewa tiki 100 (tiki ni hatua moja ndogo ya muda wa gemu). Ubaya wake nakubali, ukiwa na maji yanayotembea sehemu nyingi fremu zinaporomoka na gemu inakuwa nzito, ngome yangu ilikuwa inaenda fremu 100 kwa sekunde ikafika 22 na sijamaliza hata nusu.

BintiSaketi:
Kwa kujumlisha nenda gia, sibishani na mtu. Ngoja nieleze kwa nini maana wengi wanasema gia ni ngumu wakati hawajaona kitu kimoja.

Mlango ukipata ishara ya kuwashwa unafunguka, ya kuzimwa unafunga. Gia haiko hivyo. Gia ikipata ishara YOYOTE inabadilisha hali, ilikuwa imeshika inaachia, ilikuwa imeachia inashika. Sasa funga liva mbili kwenye gia moja, vuta moja inageuka, vuta na ya pili inarudi ilipokuwa. Hiyo tayari ni XOR (ndiyo kama ni moja tu kati ya mbili, zikiwa zote au hamna ni hapana), gia moja! Funga ishara tatu, yaani A, B na ile moja iliyobebwa kutoka nafasi ya nyuma, una jumla ya biti nzima kwenye gia moja. Kwa maji hiyo ni vyumba vingapi? NA (lazima zote mbili) unaipata kwa kupanga gia mbili mfululizo kwenye ekseli, AU (hata moja inatosha) kwa kuziweka sambamba. Na nguvu inapita kwenye ekseli na gia papo hapo, haisubiri.

Toroli_Kasi:
Mmesahau toroli ambazo zipo kwenye gemu tangu 2012. Haikauki, haimwagiki, inakanyaga kibao kwa muda uleule kila mzunguko kama reli umeichonga vizuri, na rola za kuisukuma zinakula nguvu kidogo. Mimi saa ya mashine yangu ni toroli moja inazunguka tu. Ila mbilikimo na wanyama wao hawajui kwamba ile ni kompyuta, wanakatiza relini, nimeshapoteza paka wawili na mashine ikasimama katikati ya hesabu. Zungushia ukuta kabla hujawasha.

KichwaNgumu:
@BintiSaketi nimeelewa XOR, aisee. Lakini ile ya kubeba inatoka kwenye gia kama nguvu, sio ishara. Gia ya biti inayofuata inataka ishara. Si narudi kwenye maji tena?

BintiSaketi:
Unarudi, lakini kidogo. Kugeuza nguvu kuwa ishara weka pampu, nguvu ikija inasukuma maji juu ya kibao, ikikatika maji yanatoka kwa tundu la chini kurudi kwenye tangi. Kibao kikishaachwa kinakaa kama tiki 100 ndo kinatuma ishara ya kuzima. Ukifanya hivyo biti kwa biti, kila moja inamsubiri wa nyuma yake, biti 8 ni kama tiki 800 na siku nzima ya gemu ni 1200. Hapo ndo watu wanakata tamaa.

Dawa ni kuacha hiyo ya kubeba isafiri kama nguvu mpaka mwisho. Kila biti, mbali na ile gia ya jumla, iwe na gia moja ya A XOR B, hiyo ni njia ya kupitisha kilichotoka nyuma. Pembeni weka gia mbili mfululizo, ya A na ya B, zinazoingiza nguvu mpya kutoka ekseli kuu kama zote ni moja. Gia ya XOR na hizo mbili haziwezi kushika zote kwa wakati mmoja kwa hiyo nguvu hairudi nyuma. Mnyororo wote unajaa mara moja, pampu zote zinasikia kwa pamoja, unalipa ucheleweshaji wa pampu mara moja badala ya mara nane.

MsafiriWaMtandao:
Kwa nini mnajitesa, gemu ya Factorio ina kisanduku kinajumlisha namba ya biti 32 kwa tiki moja na sekunde ina tiki 60. Kwisha.

MajiMarefu:
Hicho kisanduku ni kikokotoo tayari kimejengwa na waliotengeneza gemu, wewe umechomeka waya tu. Hapa tunaongelea mashine inayozunguka. Mjerumani Konrad Zuse alimaliza kompyuta yake ya Z1 mwaka 1938 kwa vibati vya chuma vinavyosukumana, ilikuwa inakwamakwama balaa, na hakuna aliyemwambia atumie kisanduku.

KichwaNgumu:
Nimejenga biti moja kwa gia. Inajibu kinyume!! 0 na 0 inaniletea 1.

BintiSaketi:
Hahaha karibu chamani. Gia ikijengwa inaanza ikiwa imeshika. Usiongeze liva nyingine, cheza na mpangilio wa kufunga: funga liva A kwenye gia zake zote kisha ivute mara moja. Liva B ifunge kwanza kwenye gia yake ya NA peke yake, ivute, halafu ndo uifunge kwenye ile ya XOR na ile ya jumla. Kuanzia hapo liva iliyovutwa ni sifuri. Kufunga hakutumi ishara, ndo maana inakubali. Na angalia gia zisikae jirani ovyo, zikigusana zinapeana nguvu hata kama hujaweka ekseli.

Toroli_Kasi:
Hesabu mekanizimu (vipuri vya kujengea na kuunganishia) pia kabla hujaanza. Kila gia, liva na kibao kinakula 1, kila unapofunga kitu na kitu ni 2. Kwa mpango wa binti napata 21 kwa biti, mara 8 ni 168, pungufu kidogo maana biti ya kwanza haipokei kitu kutoka nyuma.

KichwaNgumu:
168, na fundi nilionaye ni mmoja, naye juzi kapandwa hasira kavunja kiti. Nguvu nimepiga hesabu: gia 32 kwa 5 ni 160, pampu 8 kwa 10 ni 80, ekseli 1 kwa kila hatua, magurudumu ya maji matatu yanatosha kama ekseli sizitawanyi, maana mzigo ukizidi nguvu mtambo wote unasimama. Toroli nitaiweka iwe saa tu. Naanza kuchimba, ila kwanza nikaushe karakana.

MajiMarefu:
Usiikaushe. Iweke pampu, hilo ndo tangi lako.